Kadi ya bima siku ya mgomo: kisa cha kiwanda cha minofu Ilemela

Tuchukue kiwanda kimoja cha minofu ya sangara pale Ilemela, Mwanza, kando ya ziwa. Hakina jina humu kwa sababu ni kiwanda cha mfano. Namba zake zimepangwa ili hesabu isomeke, lakini shida zake ni zile zinazolikuta tawi lolote la chama cha wafanyakazi linapokaribia mgomo huku wanachama wakiwa na watoto kliniki.

Kiwanda kina watu 310. Kati yao 220 wana mikataba, wanakatwa mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na wana kadi. Waliobaki 90 ni vibarua wa kuitwa getini asubuhi samaki wakiwa wengi, hawana kadi. Chama kinatambuliwa na mwajiri kwa sababu kina wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, unaisha tarehe 30 Juni. Madai ya mkataba mpya ni mawili: nyongeza ya mshahara, na vibarua waliokaa zaidi ya miezi sita waandikishwe kwenye bima. Mazungumzo yamekwama tangu katikati ya Mei. Kwenye mkutano wa tawi watu wanasema wako tayari kugoma, kisha mama mmoja wa idara ya kufungasha anauliza: "Katibu, tukishatoka, mwanangu wa selimundu ataendelea kutibiwa kwa kadi gani?"

Swali hilo ndilo kisa chenyewe. Hupati jibu lake kwenye hotuba wala kwenye dirisha la bima hospitalini. Jibu liko kwenye kalenda ya mishahara na kwenye karatasi mbili za makubaliano zinazopaswa kusainiwa wiki kadhaa kabla ya kura.

Kadi inavyozimika

Wengi huamini kadi huzimika kwa sababu mwajiri amekasirika akapiga simu. Hilo linaweza kutokea, lakini njia ya kawaida ni ya kimya zaidi. Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Mfanyakazi wa shilingi 320,000 anakatwa 9,600, mwajiri anaongeza 9,600, zinakwenda 19,200. Mhasibu anatoa orodha kutoka programu ya mishahara, anaomba kontro namba (namba ya kulipia), analipa, na majina yaliyomo kwenye orodha ndiyo yanayohesabika kuwa yamechangiwa mwezi huo.

Sasa mtu akikaa mwezi mzima bila ujira, karatasi yake ya mshahara inasoma sifuri. Asilimia 3 ya sifuri ni sifuri. Programu haimkati, na asipokatwa hatokei kwenye orodha. Hakuna aliyeamua kumtoa, ila jina halikwenda. Hospitali huhakiki uanachama kwenye mfumo kila mgonjwa anapofika, na dirisha la bima haliulizi kama mgomo ulikuwa halali. Linaangalia kama jina limo.

Kwa hiyo sheria na orodha ni vitu viwili, na tawi linahitaji vyote viwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 83, inasema mgomo halali si uvunjaji wa mkataba, na mwajiri haruhusiwi kumwachisha mtu kazi kwa sababu ameshiriki. Ajira ikiendelea, msingi wa uanachama kwenye Mfuko unaendelea. Lakini kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kulipa ujira wa kazi ambayo haikufanywa, ingawa kinamtaka aendelee kuchangia mifuko anayotakiwa kuichangia kwa sheria au mkataba, pale kutochangia kunapomuumiza mfanyakazi. Mwanya uko kwenye utendaji: ajira ipo, mshahara haupo, na programu inatoa mchango kwenye mshahara. Kifungu kisomwe chote mezani, hadi vijifungu vya mwisho, viongozi wa tawi wakiwa pamoja, kabla mtu hajasimama mbele ya wanachama kuahidi chochote.

Madai mawili ya bima yanayofanana kwa sura

Mwezi Machi ilionekana hitilafu. Fundi mmoja alimpeleka mke wake hospitali, akaambiwa michango ya Februari haijafika. Karatasi yake ya mshahara ya tarehe 28 Februari inaonyesha amekatwa. Habari ikaenea, na kwenye mkutano watu wakataka liwe dai la kwanza la mgomo: "Tumekatwa pesa haikufika, tunagoma!"

Hasira hiyo ni ya haki kabisa. Ila kuliweka dai hilo kwenye mgomo ndiyo njia ya haraka ya kuupoteza mgomo wenyewe. Sheria inatenganisha mgogoro wa maslahi na lalamiko. Mgogoro wa maslahi ni kutaka kitu kipya ambacho hakijawa haki yako bado: nyongeza, vibarua kuingizwa kwenye bima. Lalamiko ni kudai kilicho haki yako tayari kwa sheria au kwa mkataba: mchango uliokatwa ukafike. Haki ya kugoma, kwa kifungu cha 75, ni ya mgogoro wa maslahi. Lalamiko linaamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au Mahakama ya Kazi. Ukiyachanganya kwenye notisi moja, unampa wakili wa mwajiri hoja ya kwenda mahakamani kuomba zuio, na mgomo ukishatajwa kuwa si halali, kinga yote ya kifungu cha 83 inaondoka. Anayeachishwa kazi katika mgomo usio halali hapotezi mshahara peke yake, anapoteza na msingi wa kadi.

Kwa hiyo tawi lifungue majalada mawili yasiyogusana.

Jalada la kwanza ni la michango isiyofika, na lina saa inayokimbia. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Hesabu kutoka tarehe ya mapema kabisa ambayo mwajiri anaweza kuitaja, usihesabu kutoka siku uliyogundua. Kutoka 28 Februari, siku ya 60 ni tarehe 29 Aprili. Matawi mengi huendelea "kuongea na ofisi" hadi Mei, kisha yanalazimika kujaza Fomu Na. 2 ya kuomba kibali cha kuchelewa na kueleza kila siku iliyopita. Fomu yenyewe ya mgogoro ni Fomu Na. 1. Nakala inamfikia mwajiri kwanza, anasaini kuipokea, ndipo unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho wa kupokelewa. Ambatisha karatasi za mshahara za miezi husika, na maelezo ya maandishi kutoka ofisi ya NHIF ya mkoa kuonyesha miezi iliyopokelewa na isiyopokelewa. Kauli ya mdomo ya mhudumu wa dirishani haitoshi. Afisa kazi wa mkoa naye apewe nakala, ana mamlaka ya kukagua.

Kuna faida nyingine ya kulimaliza jalada hili mapema. Ukiingia mgomoni na deni la michango la Februari bado halijalipwa, kadi ikikataa mwezi Julai hakuna atakayejua imezimika kwa sababu gani, na kila upande utamnyooshea mwenzake kidole wakati mgonjwa yuko kwenye benchi.

Jalada la pili ni la mgomo wenyewe. Mkataba wa hali bora unaotumika ukiwa unazungumzia bima, hamwezi kugoma juu ya bima kabla haujaisha, kifungu cha 76 kinazuia. Katika kisa hiki mkataba unaisha 30 Juni. Fomu Na. 1 ya mgogoro wa maslahi inawasilishwa 2 Juni, siku 30 za usuluhishi zinaishia 2 Julai, mkataba ukiwa tayari umekwisha. Mpango huo ni mzuri. Tawi lililowasilisha fomu Machi likagoma Mei kwa kuwa siku 30 zimepita lingekuwa limekosea, hata kama kura ilikuwa ya wote.

Kura inapigwa kwa utaratibu wa katiba ya chama, na kinachohesabika ni wengi wa waliopiga kura. Tuseme 3 Julai wamepiga 198 na 141 wamesema ndiyo. Inabaki notisi ya saa 48. Hapa Mwanza kalenda ina mtego wake: tarehe 7 Julai ni Sabasaba. Notisi iliyopelekwa jioni ya tarehe 6 kwa mlinzi wa getini itazua ubishi wa nani alipokea na lini. Ipeleke tarehe 8 saa 2 asubuhi, ipokelewe na mtu mwenye cheo, saa iandikwe na muhuri ugongwe kwenye nakala yenu. Mgomo unaanza tarehe 10 saa 3 asubuhi. Hiyo saa moja ya ziada haigharimu kitu.

Tarehe ya kuanza inaamua nani atakuwa na kadi

Hili ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote, nalo halihitaji hisani ya mwajiri. Kiwanda chetu kinafunga hesabu ya mishahara tarehe 22 na kulipa tarehe 28. Maana yake mzunguko mmoja ni kuanzia 23 hadi 22 ya mwezi unaofuata. Wiki ni ya siku sita, kwa hiyo mwezi una siku 26 za kazi, na ujira wa siku wa mtu wa 320,000 ni 12,308.

Mgomo wa siku 30 ukianza 10 Julai unaisha 8 Agosti. Mzunguko wa kwanza, 23 Juni hadi 22 Julai, mfanyakazi ana siku kama 15 za ujira: 184,615. Mzunguko wa pili, 23 Julai hadi 22 Agosti, anarudi tarehe 9 na kupata siku 12: 147,692. Kila mzunguko una mshahara, kila mzunguko una makato, na jina linakwenda kwenye orodha zote mbili.

Mgomo ule ule wa siku 30 ukianza 23 Julai unaisha 21 Agosti. Mzunguko wa kwanza umejaa. Mzunguko wa pili una siku moja tu ya ujira, shilingi 12,308, na asilimia 3 yake ni shilingi 369. Kama mgomo utaongezeka kwa siku moja, ni sifuri, na majina 220 hayapo. Idadi ya siku ni ile ile na hasara ya mshahara ni ile ile, lakini katika mpangilio wa pili kadi zote ziko hatarini kwa mwezi mzima, kwa kuwa mtu alichagua tarehe akisema "tupokee kwanza mshahara ndipo tutoke".

Msemo huo una mvuto wake, na wenye kodi ya nyumba wataushikilia. Jibu la katibu liwe la hesabu: mshahara wa Julai mtaupata kwa sehemu na wa Agosti mtaupata kwa sehemu, na kadi itaishi miezi yote miwili. Wenye mikopo ya SACCOS wawahi kuzungumza na SACCOS yao mwezi Juni, maana marejesho yale yale yakikatwa kwenye nusu mshahara hayaachi kitu cha kula.

Karatasi mbili

Kalenda peke yake haitoshi, kwa sababu mchango utakaokwenda ni pungufu na kwa sababu migomo haiishi kwa tarehe iliyopangwa. Tawi lipeleke mezani makubaliano ya mwendelezo wa bima wakati bado kuna usuluhishi, si baada ya notisi. Wakati wa usuluhishi kila upande unataka kuonekana mwungwana mbele ya msuluhishi. Baada ya notisi milango hufungwa.

Maneno yawe machache na yasiyo na mianya:

"Kwa muda wote wa mgomo halali, mwajiri atawasilisha NHIF mchango kamili, sehemu zote mbili, wa kila mfanyakazi aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara ya Juni, kwa kiwango cha mshahara wa Juni. Sehemu ya mfanyakazi ambayo haikuweza kukatwa itarejeshwa kwa makato matatu yaliyo sawa, kuanzia mwezi wa pili baada ya kazi kurejea. Mwajiri atampa katibu wa tawi nakala ya orodha iliyowasilishwa na risiti ya malipo ndani ya siku tatu baada ya kulipa. Ofisi ya rasilimali watu itakuwa wazi kila Jumanne, saa 3 hadi saa 6, kwa ajili ya fomu za bima pekee."

Kila sentensi ina sababu. "Orodha ya Juni" inazuia ubishi wa nani aligoma na nani hakugoma. "Kiwango cha Juni" kinazuia mchango kupigwa kwenye mshahara uliopungua. Makato matatu yanahitaji ridhaa: kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara atakavyo, lazima kuwe na sheria, mkataba wa pamoja au kibali cha maandishi cha mfanyakazi. Mkataba wa pamoja unatosha, lakini kusanya na saini za watu 220 kwenye fomu moja, ambayo ndiyo karatasi ya pili, ili baadaye pasiwe na mtu anayeshangaa. Risiti ndiyo uthibitisho, ahadi si uthibitisho. Sentensi ya Jumanne tutairudia.

Makubaliano hayo yakisainiwa yanakuwa sehemu ya mkataba wa pamoja, na nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi kama sheria inavyotaka.

Mwajiri atauliza inagharimu kiasi gani. Mwende na jibu mkononi. Katika mpangilio wa 10 Julai, kila mfanyakazi anapoteza siku 25 za ujira katika mizunguko miwili, yaani 307,692. Upungufu wa mchango wake ni asilimia 6 ya hapo: 18,461. Kwa watu 220 ni kama 4,061,000, nusu yake ya wafanyakazi. Kiwanda kitatanguliza milioni nne na kurejeshewa mbili. Lori moja la minofu likirudi kwa kukosa ubaridi lina hasara kubwa kuliko hiyo, na wenye kiwanda wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Pia wakumbushwe kwamba anayegusa samaki wa kusafirishwa nje anapimwa afya yake. Siku kazi inaporejea wanahitaji watu wenye afya kwenye meza za kukata, si watu waliokaa mwezi na vidonda na vikohozi visivyotibiwa.

Akikataa kabisa? Tawi liwe na akiba yake. Shilingi 10,000 kwa kila mwenye kadi, kutoka mshahara wa Mei, ni 2,200,000. Inafunika sehemu ya wafanyakazi na kubaki kidogo. Lakini fedha hiyo mkononi mwa mweka hazina haiwezi kwenda NHIF yenyewe, kwa kuwa kontro namba ya kiwanda inatolewa kwa mwajiri na orodha ni yake. Hapo ombi linapungua na kuwa jepesi kukubalika: mwajiri atoe orodha kamili na kontro namba, alipe sehemu yake, chama kilete sehemu ya wafanyakazi. Apeleke jibu kwa maandishi. Mhasibu aliyezoeana na katibu atamwambia pembeni, "Kaka, bila mshahara makato nayatoa wapi?" na hapo katibu anamwonyesha fedha ipo. Mara nyingi kinachokwamisha ni huyo mhasibu kutojua aandike nini kwenye safu ya makato, wala si uadui. Msuluhishi wa Tume anaweza kuombwa arekodi jambo hili peke yake kama makubaliano ya sehemu, hata kama nyongeza ya mshahara imeshindikana.

Marekani wanatufundisha kitu hapa, ingawa sheria zao ni zao. Mwezi Septemba 2019, wafanyakazi wapatao 48,000 wa General Motors walipogoma, kampuni ilisimamisha bima yao ndani ya siku chache. Chama chao kilikuwa na mfuko wa mgomo na sheria ya kwao inayoruhusu kununua mwendelezo wa bima, kikasema kitalipia. Kelele za umma zikawa kubwa na kampuni ikarudisha bima kabla mgomo haujaisha. Somo la kwetu ni lile la mfuko: aliyeweka fedha kabla alikuwa na jibu siku ile ile.

Nani asihesabiwe mgomoni

Kabla ya tarehe 10 Julai katibu aandike orodha ya walio kwenye likizo na mwajiri aisaini. Mwenye likizo ya uzazi, siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, hayuko mgomoni. Mwenye likizo ya ugonjwa hayuko mgomoni: sheria inampa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Wa likizo ya mwaka naye vivyo hivyo. Hawa wana mshahara, wana makato, na kadi zao hazipaswi kuguswa. Kosa linalotokea ni mhasibu kuchukua idara nzima ya kukata minofu na kuiandika "mgomo", wakiwemo waja wazito wanne waliokuwa nyumbani tangu Juni.

Kundi jingine ni la zamu ya mitambo. Vyumba vya ubaridi vina minofu iliyogandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na zaidi, na mitambo mingi ya namna hiyo hutumia amonia. Ikivuja hakuna wa kuidhibiti ila waliozoea. Kifungu cha 79 kinaruhusu pande mbili kukubaliana huduma za chini zinazoendelea wakati wa mgomo. Mafundi sita wanaobaki ni wafanyakazi walio kazini: wanalipwa, wanachangiwa, na wakiumia ni suala la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Aliyeumia getini akiimba hayuko kazini, kwa hiyo asiuhesabu mfuko huo. Tena kukaa getini kuzuia watu kumekatazwa na kifungu cha 76, sawa na kumfungia mwajiri ndani. Kutaneni uwanjani au ukumbini, mbali na geti.

Kifungu hicho hicho kinamkataza mwajiri kuleta watu wa kuziba nafasi katika mgomo halali, na hapo vibarua 90 wanahusika moja kwa moja. Wataitwa. Wana njaa kuliko wote, hawana kadi, na dai la mgomo ni lao. Chama kisiwaachie mzigo huu wa kukataa kazi bila kuwapa kitu: katika akiba ya tawi itengwe sehemu ya matibabu ya dharura ya vibarua, na waelezwe kabla. Waelezwe pia kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inamdhania kuwa mwajiriwa mtu aliyefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wengi wa hawa wamezidisha hapo mara tatu. Waanze kuandika siku zao kwenye daftari.

Na wale wenye haraka. Usiku wa 30 Juni, mkataba ulipoisha, watu 17 wa zamu ya usiku waliondoka wakisema mkataba umekufa. Hapakuwa na kura wala notisi. Kwa mwajiri huo ni utoro, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinauhesabu utoro wa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa zito. Katibu aliwafuata nyumba kwa nyumba, kuanzia Igoma hadi Nyakato, wakarudi siku ya tatu kwa barua ya kuomba radhi. Kazi hiyo ya miguu iliokoa kadi 17.

Wagonjwa wenyewe

Wiki tatu kabla, tawi likusanye mahitaji, si magonjwa. Kwenye daftari andika jina, simu, na moja kati ya haya: dawa za kila mwezi, kliniki yenye tarehe, upasuaji uliopangwa, mimba ya wiki 30 na kuendelea, kusafisha damu. Usiandike ugonjwa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata pasingekuwa na sheria, mtu akijulikana hali yake kwa sababu ya daftari la chama, chama kimemuumiza. Daftari lishikwe na watu wawili tu, mmoja awe mwanamke.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu wasitishwe bure. Dawa hizo hutolewa bila malipo, kadi ikiwepo au isiwepo. Wanaohitaji kuwahishwa ni wa shinikizo la damu, kisukari na selimundu, ugonjwa ulio mwingi kanda yetu ya ziwa. Waende kliniki kabla ya tarehe 10, wachukue dawa za mwezi kamili, na mwenye rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando ahakikishe fomu imekamilika na kugongwa muhuri angali na kadi hai. Yule mama wa kufungasha, kama miadi ya mwanawe ni 20 Julai, aombe iwahishwe hadi wiki ya kwanza ya Julai. Dawa ya kila siku ya mtoto wa selimundu haistahimili pengo la wiki mbili.

Kadi ikikataa licha ya yote, usiondoke dirishani mikono mitupu. Omba maandishi mafupi yanayoonyesha tarehe na sababu ya kukataa. Mpigie katibu, ambaye ana risiti ya mwezi husika: kama jina limo kwenye orodha, ofisi ya NHIF ya mkoa ndiyo ya kwenda, si kiwandani. Mgonjwa akiwa amelazwa, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya bili kufungwa. Ukilipa taslimu, tunza risiti halisi ya mashine, jina la mgonjwa likiwa limeandikwa. Picha ya simu inafifia kwenye ubishi.

Sasa ile Jumanne. Mtoto akizaliwa katikati ya mgomo, kumwandikisha kunahitaji tangazo la uzazi la hospitali, cheti cha kuzaliwa cha RITA, picha, na fomu yenye muhuri wa mwajiri. Kutoka 10 Julai muhuri uko ndani ya ofisi iliyofungwa. Mfanyakazi mwenye mke wa wiki 38 hataruhusiwa kupita getini kirahisi, na hapaswi kupita kwa ubavu. Ndiyo maana saa tatu za Jumanne zimeandikwa kwenye makubaliano, na katibu mwenyewe abebe fomu zote kwenye bahasha moja, azipeleke, azipokee zikiwa na muhuri, na kuzirudisha Jumanne hiyo hiyo jioni.